Musa Mhabeshi: jambazi wa Nili na miaka iliyofuata toba yake

Wahubiri wanakipenda kisa cha Musa Mhabeshi, na mara nyingi hukisimulia kwa mpangilio ule ule wa ushuhuda: alikuwa jambazi, akaguswa moyo, akaokoka, akawa mtakatifu. Dakika tano, waumini wanapiga makofi, watu wanasogea mbele kuombewa. Hakuna uongo wa moja kwa moja humo. Shida ni kwamba ukirudi kwa walioandika habari zake karibu na wakati wake, utakuta uzito umewekwa penginepo. Tukio la kuguswa moyo, ambalo kwenye ushuhuda ndilo kilele, wao wamelipa nusu sentensi. Kurasa wamezitumia kwa miaka iliyofuata: ndoto zilizomtesa, kipigo kilichomlaza mwaka mzima, wazee waliomvumilia, na wengine waliomtukania rangi yake mbele ya kusanyiko.

Kisa kinatokea Misri, nusu ya pili ya karne ya 4. Sketi, bonde ambalo leo linaitwa Wadi el-Natrun, liko magharibi ya delta ya Nili, kati ya Kairo na Aleksandria, chini ya usawa wa bahari, lina maziwa ya chumvi na magadi. Makari wa Misri alihamia huko mnamo mwaka 330, na wengine wakamfuata mpaka jangwa likajaa vibanda vilivyotawanyika, kila kimoja na mzee wake, pengine na mwanafunzi mmoja au wawili. Siku za kazi kila mtu alibaki kwake akisuka kamba na vikapu vya ukindu huku akisali zaburi. Jumamosi na Jumapili walikutana kanisani. Siku hizo hapakuwa na ngome wala ukuta kama zile zinazoonekana kwenye picha za monasteri za Misri leo. Aliyetaka kumdhuru mmonaki hakuwa na kufuli la kuvunja.

Habari tunazipata kwa watu wa aina tatu. Wa kwanza ni Palladius, mmonaki aliyeishi Misri kwenye muongo wa mwisho wa karne ya 4 na kuandika kumbukumbu zake mnamo mwaka 420. Wa pili ni Sozomen, mwanahistoria wa Konstantinopoli, aliyeandika miongo michache baadaye na kwa sehemu kubwa anakubaliana naye. Wa tatu hawana majina: ni wanafunzi wa wanafunzi, waliohifadhi misemo na visa vya Mababa wa Jangwani kwa mdomo mpaka vikakusanywa vitabuni. Hao wa tatu ndio wanaotupa Musa tunayeweza karibu kumsikia akiongea. Lakini ndio pia walioishi mbali zaidi na matukio, na hilo litatuhusu tukifika kwenye kifo chake.

Kabla ya jangwa

Musa alikuwa mtumwa wa ofisa wa serikali. Waandishi wa Kigiriki wanamwita Mwethiopia, jina walilompa mtu yeyote mweusi aliyetoka kusini ya Misri, kwa hiyo huenda kwao kulikuwa Nubia. Bwana wake alimfukuza kwa wizi na ukorofi, na Palladius anaongeza kwamba watu walisema alifika mpaka kuua. Zingatia kwamba alifukuzwa. Hakutoroka. Katika himaya ile mtumwa mtoro aliyekimbilia kwa wamonaki alikuwa balaa kwake na kwa wanaompokea, na mwaka 451 mtaguso wa Kalkedoni, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikuja kukataza kabisa kumpokea mtumwa bila idhini ya bwana wake. Musa hakuwa na kizuizi hicho. Hakuna aliyekuwa anamtaka arudi.

Akawa kiongozi wa genge. Katika maovu yake yote Palladius anachagua kusimulia moja, na ni chaguo la msimulizi anayejua kazi yake. Usiku mmoja mbwa wa mchunga kondoo fulani walimharibia Musa mpango wake. Akaweka kinyongo, akaulizia yule mtu yuko wapi, akaambiwa yuko ng'ambo ya Nili. Mto ulikuwa umefurika, upana wake kama maili moja. Musa akauma kisu kwa meno, akajifunga nguo kichwani, akaogelea. Mchungaji alipomwona anakuja akajifukia mchangani. Alipomkosa, Musa alichinja kondoo dume wanne wazuri kuliko wote, akawafunga pamoja kwa kamba, akaogelea nao kurudi. Nyama nzuri akala, ngozi akauza akanunua mvinyo, kisha akatembea maili 50 kuwafuata wenzake.

Ukikisoma vizuri utaona ni kisa cha kisasi kuliko cha wizi. Mtu haogelei mto uliofurika na kisu mdomoni kwa sababu ya njaa. Palladius anatuonyesha mwili wenye nguvu za ajabu na moyo usiojua kuachilia jambo. Vyote viwili vitaingia naye jangwani.

Halafu inakuja ile nusu sentensi. Mtu huyu, anasema Palladius, baada ya miaka mingi alichomwa moyo kwa tukio fulani akajitoa kwa wamonaki. Tukio gani? Hakuna maelezo. Masimulizi ya baadaye yamelijaza pengo hilo kwa rangi nyingi, lakini mwandishi wa karibu kabisa aliliacha wazi, akapita.

Wezi wanne na gunia la makapi

Kinachofuata mara moja kwa Palladius ni majambazi wanne wanaomvamia Musa kibandani bila kujua ni nani. Akawafunga wote, akawabeba mgongoni kama gunia la makapi, akawatua kanisani mbele ya ndugu, akasema: mimi siruhusiwi kumdhuru mtu yeyote, mnasemaje kuhusu hawa?

Watu hucheka hapa, na ni haki yao. Lakini lipime swali lake. Ana wezi wanne wamefungwa, ana nguvu ya kuwamaliza, na kwa miaka yote iliyopita angejua la kufanya bila kumuuliza mtu. Sasa hajui. Hajawa mtu ambaye upole umemwingia damuni. Amekuwa mtu mwenye katazo, naye analitii katazo hilo kwa kupeleka shauri kwa wengine. Mimi naona hapa ndipo toba yake inapoonekana kwa mara ya kwanza kwa macho, na inaonekana kama kukosa uhakika. Wale wanne walipotambua kwamba huyu ndiye Musa aliyekuwa mashuhuri kwa ujambazi, nao wakaacha ulimwengu, wakisema kama mtu mwenye nguvu zile amemwogopa Mungu, wao wanangoja nini.

Isidori na mbwa wa buchani

Baada ya hapo ingekuwa rahisi kumwacha Musa apande juu mpaka mbinguni. Badala yake Palladius anamtupa chini. Tamaa za mwili zilimrudia kwa nguvu, na Musa mwenyewe anakiri alikaribia kuacha nadhiri yake. Akaenda kwa Isidori, padri wa Sketi, kumweleza vita alivyomo.

Jibu la Isidori ni la mtu aliyekwisha kuona mengi. Usishangae, akamwambia, huu ni mwanzo tu, na yanakujia kwa ukali kwa sababu yanatafuta mazoea yao. Mbwa aliyezoea kuguguna mifupa buchani hataacha kwenda. Lakini bucha likifungwa na asiwepo wa kumtupia kitu, mwisho hakaribii tena. Nawe ukivumilia, pepo atachoka aondoke.

Musa akarudi na kufanya alichojua, yaani nguvu. Akajinyima chakula isipokuwa kipimo kidogo cha mkate mkavu, akafanya kazi kubwa, akasali sala 50 kwa siku. Ndoto zikaendelea. Mzee mwingine akamshauri akeshe. Kwa miaka sita, Palladius anasema, alisimama usiku kucha katikati ya kibanda akisali bila kufumba macho. Haikusaidia. Akabuni zoezi jingine: usiku alizungukia vibanda vya wazee wasioweza tena kuchota maji, akachukua mitungi yao kimyakimya na kuijaza, wengine wakiwa umbali wa nusu maili toka majini, wengine mbili, wengine tano.

Zoezi hili ni tofauti na yale ya mwanzo, ingawa Palladius halitenganishi. Kufunga na kukesha kulimrudisha Musa kwa Musa mwenyewe. Mitungi ilikuwa na wenyewe. Nguvu zile zilizovuta kondoo wanne kuvuka Nili sasa zilikuwa zinambebea maji mzee ambaye asubuhi angeamka akute mtungi umejaa bila kujua aliyeujaza. Kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kisa hiki nibaki nayo, ningechagua hii, na wala si ile ya kifo chake kwa upanga.

Usiku mmoja ameinama kisimani, akapigwa kiunoni kama kwa rungu. Palladius anasema ni pepo. Akaachwa kama maiti. Aliyekuja kuchota maji kesho yake ndiye aliyemkuta, akampa habari Isidori, wakambeba kanisani. Aliugua mwaka mzima, na kupata nafuu kukawa kwa shida.

Hapo Isidori akasema neno ambalo wahubiri wetu hawalipendi. Musa, acha kupigana na mapepo. Hata ushujaa una kipimo chake. Musa akakataa, akasema hataacha mpaka ndoto zikome. Isidori akamjibu kwamba kwa jina la Yesu Kristo zimekwisha kukoma, ashiriki Mafumbo Matakatifu, yaani Ekaristi, bila hofu, na kwamba vita ile iliachwa imwandame ili asije akajivuna kuwa ameshinda kwa jasho lake. Miezi miwili baadaye Isidori akamuuliza. Hakuna tena, akasema Musa.

Mtu mwenye historia ya ukatili akitubu, mara nyingi hugeuza ule ukatili ukamwelekea yeye mwenyewe, na watu humsifu kwa bidii. Isidori hakusifu. Aliona kwamba kinyongo kilichomvusha Nili bado kipo, kimebadilisha tu adui, akamwamuru apumzike. Mkusanyo wa misemo una sura nyingine ya tukio hilo: Isidori anampandisha Musa juu ya dari la kibanda, anamwonyesha upande wa magharibi umati wa mapepo unaochafuka kwa vita, kisha upande wa mashariki malaika wasiohesabika, akamwambia walio upande wetu ni wengi kuliko wao. Masimulizi ni mawili, shauri ni moja.

"Mweusi huyu anatafuta nini hapa?"

Sehemu hii huwa inarukwa, nami naelewa kwa nini.

Siku moja kulikuwa na kikao Sketi, na wazee wakitaka kumpima wakamdharau waziwazi: kwa nini Mwethiopia huyu naye anakuja katikati yetu? Akanyamaza. Baadaye wakamuuliza kama hakuumia, akajibu kwa maneno ya zaburi kwamba alifadhaika, ila hakunena. Siku nyingine, alipowekwa katika daraja la makleri na kuvishwa vazi jeupe, askofu mkuu akamwambia: sasa, Aba Musa, umekuwa mweupe kabisa. Akajibu: nje, baba, laiti ningekuwa hivyo na ndani. Askofu akawaagiza makleri wamfukuze akiingia altareni, wasikie atasema nini. Wakamwambia, toka nje, mweusi wewe. Akatoka akijisemea kwamba wamemtendea sawasawa, mwenye ngozi ya majivu, kwani yeye si mtu, akae na watu kwa lipi?

Waliohifadhi visa hivi waliviona kama ushahidi wa unyenyekevu wake. Msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu hawezi kuviishia hapo, na hapaswi kujifanya anaweza. Katika maandishi ya wamonaki wa enzi ile mapepo mara kwa mara hutokea yakiwa na sura ya Mwethiopia. Ngozi ya Musa ilikuwa imekwisha kupewa maana kabla hajafungua mdomo. Ndugu zake walipotaka kumjaribu hawakugusa ujambazi wake, jambo ambalo kweli alilitenda. Waligusa rangi, ambayo haikuwa dhambi ya mtu yeyote. Na yeye, kwa kadiri ya maneno aliyowekewa kinywani, aliipokea tafsiri yao.

Sikisomi kisa cha altare kama mfano wa kuigwa. Nakiona ni doa la jumuiya ambayo kwa mengine ilimtendea vizuri. Lakini kile cha kikao kina neno moja ambalo wasimulizi hawakulifuta: alifadhaika. Hakuwa jiwe.

Mtungi unaovuja

Kinyume chake ni kikao kingine, ambako aliyeshitakiwa hakuwa yeye. Ndugu mmoja alikosa, wazee wakakutana kumhukumu, wakamwita Musa, akakataa kwenda. Padri akatuma mtu: njoo, watu wote wanakungoja. Akaondoka, akachukua mtungi unaovuja, akaujaza maji, akaenda nao. Wengine husimulia kwamba kilikuwa kikapu cha mchanga. Waliomlaki wakamuuliza hii ni nini, baba? Akasema: dhambi zangu zinamwagika nyuma yangu nami sizioni, na leo nakuja kuhukumu makosa ya mwingine. Wakamsamehe yule ndugu bila neno zaidi.

Mtungi ule una historia. Huyu ndiye aliyejaza mitungi ya wazee usiku, ndiye aliyevunjwa kiuno kisimani. Sidhani waliokuwapo walihitaji kufafanuliwa.

Kuna visa vifupi vinavyoonyesha alivyokuja kuwa. Juma moja ilitangazwa Sketi kwamba wote wafunge. Wageni wakatokea, Musa akawapikia, majirani wakaona moshi wakamshitaki kwa mapadri. Jumamosi mapadri, waliomjua, wakamwambia mbele ya watu: Aba Musa, umevunja amri ya wanadamu ukashika ya Mungu. Liwali mmoja alikuja kumtazama kwa sababu ya sifa zake, Musa akakimbilia upande wa kinamasi, wakakutana njiani. Kibanda cha Aba Musa kiko wapi, mzee? Akajibu: mnamtakia nini? Ni mpumbavu. Liwali akafika kanisani akalalamika. Makleri wakauliza huyo mzee alikuwaje. Mrefu, mweusi, nguo kuukuu. Wakamwambia basi ndiye huyo.

Na mgeni mmoja, baada ya kupokewa na Aba Arseni, aliyewahi kuwa mwalimu wa wana wa mfalme Theodosius, kwa kimya kitupu, akapelekwa kwa Musa aliyemkaribisha kwa furaha. Mmoja wa mababa akasali kuuliza inakuwaje huyu anawakimbia watu na yule anawakumbatia, wote kwa ajili ya Mungu. Akaonyeshwa merikebu mbili mtoni: ndani ya moja Arseni na Roho wa Mungu, kimya, ndani ya nyingine Musa na malaika, wanakula vitumbua vya asali. Tabia ya Musa haikufutwa. Mtu aliyejua kukusanya watu akawa mwenyeji wao.

Upanga

Mnamo mwaka 407 Wamaziki, watu wa jangwa la magharibi, waliivamia Sketi. Mkusanyo wa misemo unasema Musa aliwaambia ndugu waliokuwa naye kwamba washenzi wanakuja leo, kimbieni. Na wewe, aba? Akajibu kwamba miaka yote hiyo ameingojea siku hii, ili litimie neno la Bwana: wote waushikao upanga, wataangamia kwa upanga. Nao wakasema hawakimbii, watakufa naye. Akawaambia hilo si shauri lake, kila mmoja aangalie mwenyewe alipoketi. Ndugu waliokuwa naye walikuwa saba. Wote waliuawa pamoja na Musa isipokuwa mmoja aliyejificha nyuma ya rundo la kamba za ukindu, naye akaona taji saba zikishuka.

Palladius hana habari hizi. Kwake Musa alifariki Sketi akiwa na miaka 75, padri, ameacha wanafunzi 70, basi. Palladius aliondoka Misri karibu na mwaka 400, na uvamizi ulikuja baada yake, kwa hiyo huenda hakupata kusikia. Inawezekana pia kwamba wasimulizi waliona maisha kama haya yanadai mwisho kama huu. Binafsi naelekea kuamini kiini chake, kwa sababu ya lile jibu kavu kwa ndugu zake. Anayetunga kifo cha shahidi kwa kawaida humpa hotuba. Huyu anawaambia wenzake, kwa maneno mengine, kwamba deni ni lake peke yake.

Na deni lilikuwapo. Hapa ndipo kisa kinanisumbua. Sisi wa Afrika Mashariki tuna kipimo chetu. Katika uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, Mlokole, yaani mfuasi wa uamsho huo, aliyeungama wizi alitarajiwa kurudisha alichoiba, hata kama ni jembe la jirani au fedha za mwajiri wa zamani. Kwa kipimo hicho ndugu wa uamsho wangemuuliza Musa swali jepesi: na yule mchunga kondoo? Waandishi wote hawasemi kama Musa aliwahi kuvuka tena Nili kumtafuta. Hawasemi neno kuhusu familia za waliouawa. Jangwa lilipokea toba yake, likamwosha, likampa upadri, na waliodhurika wakabaki ng'ambo ya mto, nje ya kisa. Jawabu pekee ambalo masimulizi yanatoa ni lile la upanga, na hilo lilimlipa Mungu, au haki kwa ujumla. Mwenye kondoo hakupata kitu.

Wakopti humkumbuka tarehe 24 Paoni ya kalenda yao, yaani 1 Julai, na Kanisa la Kilatini na Waorthodoksi wa Kigiriki tarehe 28 Agosti. Masalia yake yanatunzwa Deir al-Baramus, monasteri ya kaskazini kabisa katika zile nne zilizobaki Wadi el-Natrun, na kwa mapokeo ya Wakopti yanalala pamoja na ya Isidori.